Ukurasa Mweupe

Meneja aliwaomba wote wasogeze viti karibu na kompyuta ya yule binti, na fundi mkuu wa tovuti akaweka chake nyuma kabisa. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo, watu wanne na feni moja, kwa hiyo hata aliyekaa nyuma aliona kila kitu.

"Sasa nalizima ghala," alisema binti.

Ghala ndilo jina walilotumia kuiita hifadhidata, mahali ambapo tovuti ya kliniki ya figo ilitunza majina ya wagonjwa, siku zao, na mashine ya kusafishia damu aliyopangiwa kila mmoja. Kliniki ilikuwa na mashine kumi na mbili na wagonjwa zaidi ya sabini. Kila alfajiri muuguzi wa mapokezi aliifungua tovuti hiyo ili ajue nani aingie na nani asubiri. Siku ghala likigoma, tovuti ilitoa ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa maneno ya kifundi, na muuguzi alibaki kushika simu na kungoja.

Binti alibonyeza. Safari hii ukurasa haukuwa mweupe. Orodha ilibaki palepale, na juu yake ukatokea utepe wa njano wenye maneno haya: "Samahani, ghala la taarifa halipatikani kwa sasa. Orodha unayoiona ni ya saa tatu na robo asubuhi. Unaweza kuisoma na kuitumia. Ukiomba kubadilisha siku, ombi lako tutalitunza na tutakupigia simu ghala likirudi."

"Nakala inachukuliwa kila robo saa," binti alieleza. "Ghala likianguka, tovuti inaonyesha nakala ya mwisho, na inasema wazi kwamba ni nakala. Haimdanganyi mtu."

Meneja alivua miwani. "Miaka sita tuna tovuti hii," alisema. "Miaka sita, likianguka tunaulizana litasimama saa ngapi. Hakuna aliyewahi kuuliza mgonjwa anaona nini wakati huo."

Alisema bila nia mbaya. Lakini miaka sita hiyo ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha nyuma. Fundi alipiga makofi pamoja na wenzake. Alipiga mara tatu akaacha, akaona wengine wanaendelea, ikabidi naye aendelee.

Kilichomkera zaidi ni kwamba binti huyu hakuwa mtu baki. Alikuwa mdogo wa mke wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta kwa meneja miezi minane iliyopita na kumwombea kazi. "Ni shemeji yangu, ana akili," alisema siku ile. "Nitamfundisha mimi." Alipoyasema maneno hayo alijiona mtu mkubwa. Sasa aliyakumbuka akatamani angenyamaza.

*

Habari ilimtangulia nyumbani. Mke wake, mshonaji wa sare za shule aliyefanyia kazi sebuleni, alikuwa ameshapigiwa simu na mdogo wake, na alishasukuma cherehani ukutani ili meza ikae katikati. Alipakua chakula. Sahani ya kwanza akaiweka mbele ya mdogo wake.

Fundi aliiona sahani ile ikipita mbele yake. Ilikuwa jambo dogo, na mke wake wala hakulifikiria; mkono ulikwenda ulikokwenda. Lakini yeye alilipokea moyoni, akaliweka pamoja na makofi ya asubuhi.

"Ehe, baba, na wewe tuhadithie," mke alisema. "Huyu akisimulia mwenyewe anajipunja. Meneja alisemaje?"

"Alifurahi."

"Alifurahi tu?"

"Alifurahi sana. Ni kazi nzuri. Ni kiraka, lakini kizuri."

Mke alicheka. "Mimi nashona, usiniambie habari za viraka. Nguo ikichanika mbele za watu, aliye na kiraka ndiye mwenye akili."

Shemeji alicheka, na binti yao wa miaka saba naye akacheka bila kujua anachekea nini. Fundi alicheka wa mwisho. Mtoto alichomoa daftari kwenye begi, akalifungua juu ya meza, pembeni ya bakuli. Mwalimu alikuwa amewaambia wachore mtu wa nyumbani akiwa kazini. Mtoto alichora mwanamke mwenye nywele zimesimama, mbele yake kompyuta kubwa kama kabati.

"Huyu ni nani?" fundi aliuliza, ingawa alishajua.

"Mama mdogo. Anatengeneza tovuti za wagonjwa."

"Na baba anafanya nini?"

Mtoto alifikiri. "Baba anafanya kazi na mama mdogo. Anamsaidia."

Shemeji alikuwa wa kwanza kusahihisha. "Hapana, mwanangu. Baba ndiye mkubwa. Mimi namsaidia yeye." Aliyasema kwa moyo mweupe kabisa, na ndiyo maana yalimuuma. Angeyasema kwa kejeli, fundi angepata pa kushikia. Alikula chakula chote, akakisifu, akanawa, kisha akakaa nje kwenye ngazi peke yake mpaka mke wake alipomwita ndani.

Siku mbili zilizofuata aliishi na roho ya kwa nini. Kwa nini meneja alipanda ngazi na kumsalimia binti kwanza. Kwa nini watu wa kliniki walipopiga simu waliuliza, "Yule dada yupo?" Alihesabu mambo ambayo hajawahi kuyahesabu: nani aliletewa chai, nani aliulizwa maoni, nani aliitwa kwa cheo na nani kwa jina. Alijua kwamba ni aibu kwa mtu wa umri wake kuhesabu hivyo. Akaendelea kuhesabu.

*

Alhamisi mchana, binti alipokwenda benki kwa shughuli za ofisi, fundi alifungua ukurasa wa mipangilio ya tovuti. Alipima muda wa tovuti kufunguka, akakuta umeongezeka kwa nusu sekunde tangu kile chombo kipya cha binti kiwekwe. Nusu sekunde hakuna mgonjwa anayeihisi. Lakini ilikuwa sababu, na mtu anayetafuta sababu haulizi ukubwa wake.

Palikuwa na kisanduku chenye alama ya vema, kando yake maneno: Onyesha nakala ghala likianguka. Akaiondoa alama. Nakala zingeendelea kuchukuliwa kila robo saa kama kawaida. Alichofunga ni mlango wa kuzionyesha. Mfumo ukamtaka aandike sababu. Akaandika, "Kupunguza mzigo."

Alijiambia kwamba angemweleza binti jioni, kama mkubwa anavyomweleza mdogo, kwa upole. Jioni ikapita. Ijumaa alijiambia kwamba si jambo la kusema nyumbani. Jumamosi na Jumapili alikuwa mchangamfu kuliko wiki nzima, akamnunulia mtoto rangi za kuchorea, na mke wake akafikiri ule unyonge wa siku zilizopita ulikuwa uchovu tu.

*

Jumatatu saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini asubuhi ghala likaanguka. Diski ya kompyuta ya mbali walikokodi nafasi ilikuwa imejaa, jambo la kawaida katika kazi hiyo, la kutengenezwa kwa saa tatu au nne.

Kule kliniki, muuguzi wa mapokezi alifungua tovuti akakuta ukurasa mweupe. Akaufunga, akaufungua tena. Alikuwa ameambiwa wiki iliyopita kwamba sasa ataona orodha hata mambo yakiharibika, na kwa sababu hiyo Jumamosi hakuchapisha ile karatasi ya akiba aliyozoea kuichapisha. Kwenye mabenchi walikaa watu ishirini na wanne. Wapo waliotoka majumbani saa tisa usiku. Kila mmoja alijua siku yake, lakini si kila mmoja alijua kama anaingia zamu ya kwanza au ya pili, na waliojua kuwa ni wa zamu ya pili walijua pia kwamba wakidai ya kwanza hakuna wa kuwabishia.

"Mimi ni zamu ya kwanza, sista," alisema dereva mmoja wa lori, akasimama.

"Na mimi pia," akasema mwingine.

Muuguzi aliwaingiza kumi na wawili waliokuwa mbele. Mwalimu mmoja wa kike, aliyekaa mwisho wa benchi kwa sababu miguu ilimvimba na hakuweza kukimbilia mlangoni, alisema mara mbili kwamba mashine ya nne ni yake asubuhi. Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa darasani. Hapo hapakuwa darasa.

Ofisini simu iliita mfululizo. Meneja alifika saa moja na dakika kumi na kanga ya kulalia bado ikionekana chini ya gauni. Fundi na shemeji yake walikuwa wameshafika. Walitoka nyumba moja, wakapanda ngazi wamefuatana, bila kusemezana.

"Ile orodha iko wapi?" meneja alimuuliza binti. "Ulitusimamisha hapa wiki iliyopita, ukazima, orodha ikatokea. Leo iko wapi?"

"Sijui, mama. Ilipaswa kutokea. Naangalia."

"Unaangalia. Watu wamelala kwenye mabenchi, wewe ndiyo unaangalia. Mimi nilimwambia sista asihangaike na karatasi tena. Nilimwambia kwa maneno yako."

Binti alirudi kwenye msimbo wa programu yake, akausoma mstari kwa mstari akitafuta alipokosea, kwa kuwa hakufikiri kabisa kwamba kosa laweza kuwa la mtu mwingine. Akawa anaandika na kufuta. Fundi alikuwa amewapa mgongo, akihangaika na diski. Kazi hiyo ilikuwa ya kweli na aliifanya vizuri. Lakini alijua kwamba kurudisha alama ya vema kungechukua muda wa kupepesa jicho, na kwamba akiirudisha, mfumo ungeandika jina lake na saa, chini ya jina lake na saa ya Alhamisi. Alijiambia ghala likiamka mapema, mambo yote yatakuwa yamekwisha yenyewe. Akatazama diski. Nusu saa ikapita hivyo. Kuna kitu kibaya zaidi alichokihisi katika nusu saa ile, na hakuja kumwambia mtu yeyote mpaka leo: kila meneja alipomkaripia binti, moyo wake ulipata nafuu kidogo.

Simu ikaita tena. Meneja akaiweka sauti ya juu.

"Mwalimu amezidiwa," alisema muuguzi. "Hapumui sawasawa, midomo imebadilika rangi. Anasema mashine ya nne ni yake, na aliyelala pale anasema ni yake. Madaktari wananiuliza nani nimtoe. Mimi nimtoe nani bila orodha?"

Fundi alifungua ukurasa wa mipangilio, akarudisha alama.

"Fungua upya, sista," alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

Sauti ya muuguzi ikarudi: "Nimeona. Kuna utepe wa njano. Orodha ya saa kumi na moja na nusu. Mashine ya nne, zamu ya kwanza, ni mwalimu. Nashukuru." Akakata simu.

Ghala lenyewe liliamka saa tatu na nusu. Meneja alikaa chini, akampiga fundi begani. "Ndiyo maana sikuachii uondoke hapa," alisema. Akamgeukia binti. "Kazi yako ilikuwa nzuri kwa maonyesho. Kaa na shemeji yako akufundishe jinsi ya kuifanya ishike."

"Sawa, mama," binti alisema.

Wote walipotoka kwenda kunywa chai, alibaki. Alifungua mipangilio ili ajue shemeji yake alirekebisha nini, ajifunze. Mistari miwili ilikuwa inamsubiri. Alhamisi, saa nane na dakika ishirini, kupunguza mzigo. Jumatatu, saa mbili kasoro dakika tano, bila sababu. Jina moja kwenye yote miwili. Aliisoma mara kadhaa, akafunga ukurasa, akaenda maliwatoni, akafungua bomba la maji mpaka mwisho ili asisikike.

*

Jioni hiyo hakugusa chakula. Dada yake alimwekea mkono kwenye paji la uso. "Homa huna. Nani kakuudhi?"

"Hakuna. Kazi yangu ilikataa leo, basi."

"Ilikataaje? Si uliijaribu mbele yao wote?"

"Ilikataa tu, dada."

Mke alimgeukia mumewe. "Na wewe ulikuwepo. Walipomsema, ulimtetea?"

Fundi alimtazama mtoto, aliyekuwa anapaka rangi kwenye daftari. "Nenda kwa jirani ukacheze," alimwambia. Mtoto akatoka. Mke akaacha kijiko.

"Kazi yake haikukataa," fundi alisema. "Niliizima mimi. Alhamisi."

"Ukaizima kwa nini?"

"Ilikuwa inachelewesha tovuti. Nusu sekunde, lakini kwenye mambo yetu—"

"Mimi sijakuuliza mambo yenu. Nimekuuliza kwa nini."

Alijaribu kutafuta neno lenye heshima kidogo, hakulipata. "Nilimwonea wivu."

Mke alisogeza kiti nyuma. Alimwangalia kama mtu anayeangalia kitambaa alichokikata vibaya, akipima kama kinafaa tena kwa lolote. Fundi akamgeukia shemeji yake. "Nisamehe. Kesho nitamwambia meneja mwenyewe."

"Nilijua tangu asubuhi," binti alisema. "Imeandikwa kwenye mipangilio."

"Mbona hukusema? Meneja alikuwa anakusema mbele yangu, ungenionyesha kidole tu."

"Ningesema, halafu jioni nirudi wapi?" Aliuliza taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomkalia fundi vibaya. "Shemeji, mimi nalala chumba cha mwanao. Nakula mezani kwako. Kazi ulinitafutia wewe. Nilikaa maliwatoni nikapiga hesabu, nikaona hakuna pa kusemea."

Kumbe hakumficha kwa huruma. Fundi mchana kutwa alikuwa amejifariji kwamba binti hajui, au anajua na anamstahi. Sasa alielewa kwamba nyumba yake, aliyoifungua kwa mikono miwili akajisifu nayo, ndiyo iliyomziba mdomo msichana wa watu. Mke wake alisimama, akachukua sahani ya mdogo wake, akaenda kuipasha moto. Ya mumewe aliiacha ilivyo.

*

Kesho yake meneja alimsikiliza fundi hadi mwisho bila kumkatiza. Hakumfukuza, kwa kuwa mtu anayeujua ule mfumo ndani nje alikuwa yeye peke yake. Lakini alimnyang'anya ruhusa ya mipangilio, akampa binti. Fundi angeshika simu za kliniki kwa miezi mitatu, na kila badiliko atakalotaka kufanya lazima binti alipitishe. "Na leo," meneja alisema, "unakwenda kliniki kwa miguu yako. Si barua. Uso."

Mwalimu alikuwa amelazwa wodini, uso umejaa, mrija wa hewa puani. Fundi alisimama miguuni mwa kitanda akaeleza yote, maana alishajifunza kwamba akianza na nusu sekunde ataulizwa tena. Mwalimu alisikiliza macho yakiwa yamefumba.

"Huyo shemeji yako ana miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Mimi wivu naujua," mwalimu alisema. "Jana nilikaa kwenye benchi namwangalia yule dereva, amelala kwenye mashine yangu, damu yake inasafishwa, anasinzia. Nilimtakia mabaya. Mtu ambaye hajanikosea, naye ni mgonjwa kama mimi. Nilimwonea wivu mpaka nikajiogopa." Alinyamaza avute hewa. "Lakini mimi nilikuwa nataka pumzi. Wewe ulikuwa unataka nini?"

Fundi alifungua mdomo. Makofi, sahani, mchoro wa mtoto, salamu za asubuhi. Vyote vilimjia, na hakuna hata kimoja kilichotamkika mbele ya ule mrija.

"Sijui, mwalimu."

"Basi nenda," mwalimu alisema, si kwa ukali. "Nataka kulala."

*

Mwisho wa mwezi binti alipata chumba, ghorofa ya tatu, mtaa wa pili kutoka ofisini. Dada yake alilia kidogo, akamshonea mapazia, na hakumwomba abaki. Kwa mumewe alikuwa ameanza tena kuzungumza, mambo ya mtoto na ya umeme, lakini kucheka naye bado.

Fundi alibeba godoro kichwani, ngazi zote tatu, akataka kulisukuma ndani, binti akamwambia aliache hapo mlangoni. Akaliegemeza ukutani, akajifuta jasho. Wivu ulikuwapo bado. Alipoona funguo mpya kwenye kidole cha binti ulimchoma kidogo, kama kawaida yake. Hakujidanganya kwamba umeisha.

"Shemeji," binti alisema, "Jumapili kliniki ikiwa imefungwa, nataka tulizime ghala makusudi, la kweli, si la majaribio kama siku ile. Sista amekubali kuja; mimi nitakuwa naye mapokezi, niangalie anachokiona yeye."

"Na ofisini atakuwa nani?"

"Wewe. Wewe ndiye utazima." Alimtazama kwa muda. "Ukizima, unipigie simu. Usiguse kingine mpaka nikwambie."

"Sawa."

"Saa mbili kamili."

Alishuka. Mke wake alikuwa chini, kafunga mlango wa gari la kukodi, mapazia yamebaki mkononi mwake.

"Mmeongea?" aliuliza. "Amekwambia nini?"

"Amenipa kazi," fundi alisema, akampokea mapazia, akapanda tena ngazi kumpelekea.